Ukiwapeleka ndugu kwenye mgahawa wa michezo ya mezani, mchezo wa kwanza mchagulie asiyependa michezo

#1 Zamu_Yako (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Kila mtu akiuliza humu "nataka kwenda na ndugu mgahawa wa michezo Jumamosi mchana, tucheze nini?", majibu ni orodha ya michezo mikali. Mimi naona orodha hizo zinajibu swali ambalo hakuna aliyeuliza. Migahawa hii ina maboksi ya michezo hadi darini, mchezo mzuri haukosekani. Kinachokosekana ni subira ya shangazi ambaye amekuja kwa sababu tu gari lilikuwa na nafasi.

Hoja yangu: mchezo wa kwanza uchaguliwe kwa kumtazama yule aliyeketi akasema "nyie chezeni, mimi nitaangalia tu." Binamu mpenda michezo hana shida, atafurahia chochote mtakachoweka mezani. Lakini shangazi akichoka ndani ya dakika 20 za mwanzo, anatoa simu, anaanza kuuliza mnaondoka saa ngapi, na watoto wanamfuata yeye. Hapo hata mkiwa mmelipia hadi jioni, mchana umeshakwisha.

Mkiwa watano kushuka chini, mimi naanza na Ticket to Ride ya Alan R. Moon. Ni mchezo wa mwaka 2004, na mwaka huohuo ulichukua tuzo ya Ujerumani ya Spiel des Jahres, ila tuzo siyo sababu yangu. Sababu ni kwamba zamu yako ina mambo matatu tu ya kuchagua: okota kadi za mabehewa, tandika reli kati ya miji miwili, au chukua tiketi mpya. Ukifanya moja, zamu imekwisha. Mama mkwe anaweza kuelezwa huku bado anatafuta pa kuweka mkoba, na zamu yake ya tatu ikifika hamuulizi mtu. Halafu mtu akizibiwa njia aliyokuwa anaikusanyia kadi muda wote, zinatoka kelele ambazo meza ya ndugu inazihitaji ili ichangamke.

Lakini kwa ndugu hasa, mchezo ninaouheshimu kuliko yote ni Dixit. Kadi zote ni picha za ajabuajabu, hazina neno hata moja. Mwenye zamu anachagua kadi mkononi mwake, anaiweka kifudifudi na kutoa fumbo. Wengine kila mmoja anatoa kadi yake inayokaribiana na fumbo hilo, zinachanganywa, zinafunuliwa, watu wanakisia ipi ni ya mwenye zamu. Ujanja uko kwenye pointi: wote wakiijua, au wote wakiikosa, mwenye zamu anapata 0 na wengine wanapata 2 kila mmoja. Wakiijua baadhi tu, yeye na hao walioijua wanapata 3.

Sasa weka ndugu kwenye meza hiyo. Mama mkubwa anazikagua kadi zake, anavuta moja, anasema: "Siku ile tulipokosa basi." Wadogo zake wawili wanaangua kicheko palepale. Wakwe na wajukuu wanakodoa macho. Mama mkubwa hata pointi hajui zinahesabiwaje, lakini ametoa fumbo kamili: wanaoijua siku ile wanaiona kadi, wasioijua wanapotea, yeye anavuna 3. Halafu lazima aisimulie hiyo siku ya basi, na mchezo unasimama kwa muda. Uacheni usimame.

Monopoly siiweki kabisa. Lizzie Magie alisajili hataza ya mchezo ulioizaa, The Landlord's Game, mwaka 1904, akitaka watu waone jinsi mwenye ardhi anavyowakamua wapangaji. Kazi hiyo mchezo unaifanya vizuri kupita kiasi. Mmoja anatajirika, mwingine anafilisika mapema na kubaki anahesabu taa za darini wakati wenzake wanaendelea. Catan nayo, ule mchezo wa kujenga vijiji na kubadilishana mali, naiweka kando kwa mchezo wa kwanza, najua nitapigwa mawe.

Nilichokosa dawa yake ni mjomba anayecheza kwa mikono ya watu. Mkicheza mchezo wa kushirikiana, yeye ndiye anaamua zamu za wote. Mnamfanyaje?

#2 Mpanga_Maboksi

Mkuu, nimefanya kazi kwenye mgahawa wa aina hii (sitautaja), nitaongea nikiwa upande wa pili wa kaunta.

Familia ikiingia, mara nyingi msemaji wao anatuambia "tupe mchezo mzuri." Hapo hajatusaidia kitu. Tuambieni mko wangapi, mdogo kabisa ana miaka mingapi, nani hasomi lugha iliyoandikwa kwenye kadi, na mnaondoka saa ngapi. Kwa majibu hayo mhudumu mwenye uzoefu anakwenda rafuni bila kuuliza tena. Hilo la lugha watu hulisahau sana. Babu anayecheza bao au drafti hadi watu wanamkimbia anaonekana hajui kitu, kumbe amepewa kadi zenye aya nzima za maelezo. Mpe Azul au Qwirkle, ambako ni rangi na maumbo tu, uone atakavyowafanya.

Kuhusu idadi: tisa kwenye meza moja ni mateso. Zamu ikizunguka hadi irudi kwako umeshasahau ulitaka kufanya nini. Gawaneni watano na wanne, na msigawane wazee huku na vijana kule. Mchezo wa kwanza ukiisha, wawili watatu wahame meza. Wote mkitaka kuwa pamoja, nendeni Codenames: timu mbili, maneno 25 mezani, kiongozi wa kila timu anatoa neno moja na namba, wenzake wanabishana anamaanisha maneno yapi. Kuna neno moja la muuaji, timu ikiligusa imepoteza palepale. Lipo toleo la picha kwa wale wa lugha. Na katika timu mtu anaweza kukaa kimya bila aibu, jambo ambalo wageni wengi wanalitaka zaidi ya kushinda.

Yule wa "nitaangalia tu" usimlazimishe, na usimwache hivyohivyo pia. Mpe kazi. Kwenye Ticket to Ride mwambie asogeze vialama vya pointi za wote pembezoni mwa ubao. Haipiti muda anaanza kumnong'oneza aliye karibu naye, "mbona usipite huku?" Mchezo unaofuata anakaa mwenyewe. Nimeliona hili mara nyingi mno.

Na kanuni msizisome kwa sauti kutoka kwenye kijitabu. Kijitabu ni cha kuamulia ubishi. Ukifundisha, anza na jinsi mtu anavyoshinda, kisha anachofanya kwenye zamu yake, kisha mchezo unaisha lini. Basi, anzeni. Mengine yote yaeleze yakitokea. Ukianza na "kuna hali saba ambazo…" umeshawapoteza.

Mwisho, muda ulioandikwa kwenye boksi ni wa watu wanaoujua mchezo. Wageni wakae tayari kwa karibu mara mbili yake.

#3 Kokoto

Mleta mada, naomba nipinge kwa heshima. Ndugu si mayai.

Catan ya Klaus Teuber imekuwepo tangu 1995 na imewavuta watu kwa sababu moja kubwa: biashara. Dadu zikianguka, kila mwenye kijiji kando ya kipande cha ardhi chenye namba hiyo anavuna mali, hata kama si zamu yake. Na mwenye zamu anaruhusiwa kubadilishana mali na yeyote. Kwa hiyo hakuna anayelala. Halafu nani duniani anajua kubembeleza, kutishia na kununa kuliko ndugu?

Siku moja baba mdogo alibakiza ngano moja tu ageuze kijiji kuwa mji. Ngano anayo dada yangu. Dada akaishika kadi ile juu, akamwambia, "Ninayo. Lakini kwanza tukumbushane ni nani alisema harusi yangu haitafika mwaka." Meza nzima kimya, halafu vicheko. Ngano ilitoka kwa sufu mbili na ombi la radhi. Sasa niambie Dixit yako ingeupata wapi upatanisho wa namna hiyo.

Ninachokubali ni kwamba boksi la kawaida ni la watu 3 au 4, na ukipanga vijiji vyako viwili vya mwanzo vibaya, utakaa mchana kutwa ukiomba matofali. Dawa yake ni rahisi. Dadu mbili zina njia 36 za kuanguka. Jumla ya 6 ina njia 5, ya 8 njia 5, lakini 2 na 12 zina njia moja moja. Ndiyo maana chini ya kila namba kuna vinukta, na 6 na 8 zimepakwa nyekundu. Mwambie shangazi asihesabu kingine, aangalie vinukta tu, akae penye vingi. Na apate mali za aina tofauti. Inatosha.

#4 Zamu_Yako

Kokoto, baba mdogo wako ameniua mbavu 😂

Lakini tazama ulichosema mwenyewe: watu 3 au 4, halafu inabidi shangazi afundishwe uwezekano wa dadu kabla hajaweka kijiji. Mimi sikatai Catan, nakataa Catan saa ya kwanza. Watu wakishacheka, wakishajua mhudumu ni nani na vyoo viko wapi, wanne wanaotaka kukamuana waende meza ya pembeni wakakamuane. Huyo baba mdogo angeambiwa hayo ya harusi dakika ya tano, bado hajazoea kiti, sijui kama angeomba radhi.

#5 MamaPacha

Nyote mnaongelea wazee. Wenye watoto wadogo tukae wapi?

Wangu wana miaka 7. Kuna mchezo mmoja ambao wanawafunga watu wazima bila kupunguziwa chochote, nao ni Dobble. Kadi 55 za mviringo, kila moja ina picha 8, na kadi yoyote ukiilinganisha na nyingine yoyote, picha moja tu ndiyo inafanana. Anayeiona kwanza anaitaja kwa sauti na kuchukua kadi. Mjomba wao ana shahada mbili na bado anasema "hii ya kwangu haina inayofanana, wamekosea kiwandani." Raundi inaisha ndani ya dakika chache.

Hilo la dakika chache ndilo ninalolitilia mkazo. Mtoto hulia zaidi anapoona kushindwa kunakuja kwa mbali na hawezi kuondoka mezani. Mchezo wa saa nzima unampa dakika 40 za kujua kwamba ameshapoteza. Mchezo mfupi unampa kulia kidogo na kuanza upya. Baada ya Dobble mimi huwapeleka Kingdomino, kama dakika 15, unapanga vigae vya ardhi kuzunguka kasri lako mwenyewe na hakuna anayekuja kukubomolea.

Na tafadhali, wajomba na mashangazi, msiwaachie watoto washinde kwa makusudi. Wanajua. Wanawaangalia tu.

#6 Hesabu_Tupu

MamaPacha, mwambie mjomba kiwanda hakijakosea 😄 Hiyo kitu ni jiometri. Ukitaka kila kadi iwe na picha 8 na kila jozi ya kadi ishiriki picha moja tu, mpangilio kamili unatoa kadi 57 kwa picha 57. Boksi lina 55, maana yake mbili zimeachwa nje. Nilikaa na kalamu mgahawani nikazitafuta hizo mbili huku ndugu zangu wakinisubiri nigawe kadi. Zinatafutika, picha zilizopungua ndizo zinazokuonyesha. Samahani kwa kutoka nje ya mada, endeleeni.

#7 Daktari_wa_Dadu

Nijibu la mjomba anayecheza kwa mikono ya watu, maana huyo mimi ninaye.

Ugonjwa huu unatokea kwenye michezo ya kushirikiana ambayo kila kitu kinaonekana mezani. Mfano Pandemic ya Matt Leacock, 2008: magonjwa manne yanasambaa, wachezaji wote ni timu moja, kila mmoja na kazi yake. Mjomba anauona ubao wote, kwa hiyo anaanza: "Wewe nenda pale, wewe mpe huyu kadi, wewe tulia." Baada ya raundi mbili watu wanasogeza vipande kama makarani wake. Kumwambia anyamaze hakusaidii, anakaa kimya akiguna, na kuguna kwake ni maelekezo tosha.

Dawa ni mchezo ambao kanuni zenyewe zinamzuia kujua. Just One ndiyo nzuri kuliko zote kwa hili, watu 3 hadi 7. Mmoja anafumba macho, wengine wanaonyeshwa neno, kila mmoja anaandika kidokezo cha neno moja kwa siri. Kabla anayekisia hajafumbua macho, vidokezo vinavyofanana vinafutwa vyote. Kwa hiyo mjomba hawezi kumpangia mtu, na akiandika lililo wazi zaidi, linafutwa.

Sisi kadi zilikuwa kwa lugha ambayo nusu ya meza haiijui, tukaziweka pembeni tukatunga maneno yetu. Neno likawa "bahari". Mjomba kaandika chumvi. Wifi kaandika chumvi. Mdogo wangu, chumvi. Zote zikafutwa. Vikabaki viwili: mtoto kaandika "kubwa", bibi kaandika "mkunga". Anayekisia ni shemeji. Akavitazama, kubwa, mkunga, akafikiri sana, akasema kwa uhakika wote: "Hospitali." Bibi akakasirika kwelikweli, eti shemeji hajawahi kuona samaki.

Hanabi nayo inatibu tatizo hilo, kadi zako unazishika zikiwa zimewageukia wenzako, wewe mwenyewe huzioni. Lakini inataka watu wanaoweza kukaza uso, na ukoo wangu hauna mtu wa hivyo.

#8 Miwani_Miwili

Nimesoma hadi hapa, hakuna aliyetaja macho. Migahawa mingine ina mwanga wa kimahaba, mzee hawezi kuona lolote. Mkiweka nafasi kwa simu, ombeni meza ya dirishani au iliyo chini ya taa.

Pia ukoo wenye wanaume wengi huenda una mmoja asiyetofautisha nyekundu na kijani, na pengine hajawahi kuwaambia. Kasoro hiyo huwapata zaidi wanaume kwa sababu chembe za urithi zinazoileta ziko kwenye kromosomu X. Ticket to Ride iko salama kwa sababu kila rangi ya kadi ina behewa lake na alama yake. Qwirkle inaweza kumsumbua, ni rangi sita na maumbo sita, kosa moja la rangi linaharibu mstari. Mtu wenu akiwa anakosea jambo lilelile kila zamu, kabla ya kumcheka muulizeni anaona nini.

#9 KeteNyekundu

Wakuu, mimi sina mambo makubwa. Swali langu ni la Uno, maana ndiyo ukoo wetu unaoujua na ndiyo tutakayoikimbilia tukifika. Mtu akiniwekea +2, naweza kuweka +2 yangu juu ili anayefuata aokote 4? Kwetu tunarundika hadi mtu anaokota 12. Binamu yangu anasema ni uzushi. Tuligombana hadi kadi zikakusanywa.

#10 Mpanga_Maboksi

Binamu yako yuko sahihi kwa kanuni za boksi. Ukiwekewa +2 unaokota mbili na zamu yako imepita, huweki kitu. Wenye mchezo, Mattel, walilitangaza hadharani mwaka 2019 na dunia nzima ikawabishia. Sasa sijui ni nani mwenye mchezo, wao au watu wanaoucheza.

Kwenye kaunta tulikuwa na utaratibu: kabla kadi hazijagawiwa, kila mmoja ataje kanuni moja ya kwao. Mnakubaliana ipi inatumika leo, kwisha. Ubishi wa kabla ya kugawa ni maongezi, ubishi wa baada ya kuokota 12 ni kesi.

#11 Kokoto

Ya Uno ni kama ya Monopoly na zile hela watu wanazorundika katikati ya ubao apewe anayetua kwenye maegesho ya bure. Hazimo kwenye kanuni, na ndizo zinafanya mchezo usiishe. Kanuni ambayo imo na watu hawaitumii ni ya mnada: ukitua kwenye kiwanja usipokinunua, kinapigwa mnada palepale kwa meza nzima. Ukiitumia hiyo mchezo unakimbia.

#12 KeteNyekundu

Nimeelewa, asanteni. Tatizo lililobaki ni kwamba aliyeileta hiyo kanuni ya kurundika kwenye ukoo wetu ni bibi, na yeye ndiye huwa anashinda nayo. Binamu anataka mimi ndiye nimwambie.

#13 Mpanga_Maboksi

Usimwambie. Mkifika mwiteni mhudumu, mwombeni amsomee bibi ukurasa huo wa kijitabu kwa sauti, nyie mkiwa mnaangalia pembeni. Bibi akikasirika atamkasirikia mhudumu. Sisi tulikuwa tunalipwa kwa hilo, na kwenye kikao cha familia hatuji.